Mzee Turubai Hakusaini

"Mzee Turubai ameshakubali. Wewe unasubiri nini?"

Ndivyo linavyouliza bango lililobandikwa mlangoni mwa kantini tangu mwanzo wa mwezi, chini ya picha ya dereva wetu mkongwe akicheka, ameshika ufunguo wa kadibodi wenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Jibu ni fupi: hakukubali. Hakusaini chochote. Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne ya kuendesha malori ya kampuni hii, anastaafu kama watu wanavyostaafu. Anarudisha sare, anachukua kiinua mgongo chake, anakwenda nyumbani kwa mkewe. Kamati ya wafanyakazi imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe. Nitauandika, lakini kwanza namrudishia jina lake, maana limetumiwa bila idhini yake.

Aliingia hapa kwa bahati. Dereva mmoja wa tipa aliamka na homa, mpanga safari akachungulia nje ya geti, akamwona mwanamume aliyekuwa akishusha maji kutoka kwenye lori la shule ya jirani. Akamwuliza kama anaweza kupeleka kokoto. "Kokoto hazimwagiki kona," akajibu, "zitanipumzisha." Akapewa safari moja, na ile safari moja inakwisha mwezi huu.

Kutoka kwenye tipa alipanda hadi trela, na kwenye trela ndipo alipopata jina. Madereva wengi hutupa turubai juu ya mzigo kama mtu anayemtandikia kitanda mgeni asiyempenda. Yeye hukunja kila pembe, hukaza kila kamba, hulizunguka lori mara tatu, kisha hugonga tairi moja moja kwa rungu dogo na kusikiliza. Miaka yote hiyo mzigo wake haujalowa. Mara moja tu mfuko wa saruji ulifika umeganda, na uchunguzi ukaonyesha kuwa uliganda ukiwa bado kiwandani. Aliomba maelezo hayo ayapate kwa barua. Anayo mpaka leo.

Watu wa nje hudhani kazi ya dereva ni kuendesha. Kazi ya dereva ni kungoja. Unangoja kupakia, unangoja mizani, unangoja karani mwenye muhuri arudi kutoka kula. Kwenye foleni ya kiwanda cha sukari, ambako siku tatu ni jambo la kawaida, Mzee Turubai alijifunza kushona viatu. Alianza na chake, akaja cha dereva wa nyuma yake, na sasa nusu ya madereva wa njia ile wanatembea juu ya nyuzi zake. Askari wa mizani alimtania siku moja, "Mzee, umekuja kupima mzigo au kufungua duka?" Akamjibu bila kuinua macho kwenye soli, "Foleni yako ndiyo iliyonipa leseni ya biashara." Tumecheka sana kwa kisa hicho. Lakini zile siku tatu zilihesabiwa kuwa siku za kazi. Alikuwa akishona huku mshahara unaingia. Kumbukeni hilo, tutalihitaji.

Sifa yake kubwa kuliko zote ni safari ambayo nusura isiondoke. Miaka kumi na miwili iliyopita alipakiwa mabomba ya chuma, marefu, yamepangwa kihuni, bila kizuizi cha mbele. Akayatazama, akatundika ufunguo kwenye msumari wa ofisi ya yadi, akaketi juu ya sanduku la vifaa. Mpanga safari alimfokea mpaka sauti ikakauka. Mpakiaji akamcheka: "Mzee mzima unaogopa mabomba?" Akasema, "Naogopa. Hata wewe ungeyaogopa kama yangekaa nyuma ya kisogo chako." Alikaa pale saa mbili na nusu. Mwishowe yakashushwa, yakapangwa upya, akaondoka. Wiki iliyofuata lori la kampuni nyingine lilipakiwa mabomba ya aina ile ile kwenye yadi ile ile kwa mtindo ule ule. Kwenye mteremko wa kwanza dereva alikanyaga breki, mabomba yakaja mbele. Yule bwana anatembea kwa magongo mpaka leo. Baada ya hapo ndipo ilipoandikwa kanuni ya tisa ya usalama, ile iliyo ukutani pale yadi: dereva anayekataa mzigo kwa sababu ya usalama hataadhibiwa. Kanuni hiyo haina jina la mtu, lakini sote tunajua imetoka kwa nani.

Sasa tuje kwenye ule ufunguo wa kadibodi.

Miezi miwili iliyopita meneja wa biashara aliwaita madereva kumi na wawili kwenye chumba cha mafunzo. Kulikuwa na viti vyenye vitambaa na juisi ya boksi. Viti hivyo sijawahi kuviona vikitolewa kwa ajili ya dereva. Wakaelezwa mpango wa "dereva-mmiliki". Unaacha ajira, unatoa kiinua mgongo chako kama malipo ya kwanza, unachukua lori, deni linalosalia unakatwa kwenye malipo ya safari. Lori lina rangi za kampuni na nembo ya kampuni, ila mwenyewe ni wewe. "Wazee wangu," alisema meneja, "mtu mzima hadi lini aombe ruhusa? Uwe bosi wako mwenyewe!" Akamsimamisha Mzee Turubai mbele, akamwita mfano wa kuigwa, akamkabidhi ule ufunguo, picha ikapigwa. Alivishwa kilemba cha ukoka, na kwa kuwa ni mtu wa heshima hakukivua mbele za watu. Alicheka. Basi kicheko hicho ndicho kilichogeuzwa kuwa saini.

Kumbe alikuwa ameomba nakala ya mkataba. Akaambiwa nakala hutolewa baada ya kusaini. Mzee akasema yeye haondoi lori bila kulizunguka, hata likiwa la karatasi, akaketi pale mapokezi mpaka akapewa. Akaupeleka nyumbani. Mkewe, fundi cherehani ambaye kwa miaka mingi amekula peke yake akingoja honi ya trela, alimwuliza swali moja: "Baba watoto, umestaafu kazi au umestaafu akili?" Kisha binti yao, karani wa mahakama, akausoma kwa sauti mezani, kifungu baada ya kifungu, wiki nzima.

Nami nimeusoma. Mmiliki haruhusiwi kubeba mzigo wa mtu mwingine yeyote, hata lori likilala yadi mwezi mzima. Haruhusiwi kulitengeneza nje ya gereji ya kampuni. Saa za kungoja hazilipwi. Zile siku tatu za kiwanda cha sukari utashona viatu kwa njaa yako. Akitaka kutoka, analirudisha lori, na alichokwisha kutoa kinabaki. Kisha kuna kifungu cha kumi na saba: anayekataa mzigo kwa sababu yoyote atapelekwa mwisho wa zamu. Kwa sababu yoyote! Kanuni ya tisa imekufa humo ndani, na hakuna aliyetangaza msiba. Mtu asiyechagua mzigo, asiyeukataa, asiyeuza gari wala kulitengeneza anapopenda, anamiliki nini? Anamiliki pancha.

Mniwie radhi kwa jambo moja zaidi, kwa kuwa mimi ndiye mtunza stoo ya vipuri na macho ninayo. Yale malori kumi na mawili ya mpango ndiyo yanayoongoza kwa kumaliza vipuri vyangu. Lile alilotengewa Mzee Turubai limeshushwa giaboksi mara tatu ndani ya miaka miwili. Labda ni sadfa. Lakini mtu akikung'ang'aniza ununue mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe linakohoa, una haki ya kuuliza.

Sisemi kumiliki lori ni upumbavu. Namjua mama mmoja mwenye tipa anayebeba mchanga. Nilimsikia kwenye simu akimwambia mteja, "Bei hiyo mpe shemeji yako, mimi sitoki," akakata, akaendelea kunywa chai. Kesho akichoka nalo analiuza. Huyo ni mmiliki, na kwake biashara inalipa. Anayetaka kuitwa bosi ajiulize kama na yeye ataweza kukata simu.

Siku ya kurudisha majibu, Mzee Turubai aliuliza kitu kimoja tu: "Nikikataa mzigo mbovu, itakuwaje?" Meneja akacheka. "Mzee wangu, mmiliki hakatai mzigo. Mzigo ndio maisha yake." Mzee akazikunja karatasi kama anavyokunja turubai, pembe kwa pembe, akamwekea mezani. "Basi hilo gari ni lenu," akasema. "Mimi naomba nistaafu kama nilivyoajiriwa." Siku tisa baadaye bango likabandikwa. Ameandika barua mbili kuomba liondolewe. Hajajibiwa.

Mzee wetu, asante kwa mizigo iliyofika mikavu, kwa viatu vyetu, na kwa saa mbili na nusu juu ya sanduku la vifaa, ambazo zimewarudisha madereva wengi nyumbani wakiwa na miguu yote miwili. Vile vyumba ulivyoanza kujenga uani kwako vimaliziwe, cherehani ipate mtu wa kuzungumza naye, na usingizi wako usikatizwe na honi ya yeyote. Tunakuombea maisha marefu na yenye heri.

Na ninyi kumi na mmoja mliobaki, mlioitwa kusaini Jumatatu saa tatu: mnakwenda mle ndani kwa sababu mmeambiwa yeye ametangulia. Hakutangulia. Kwa hiyo ingieni pamoja, si mmoja mmoja kama mlivyopangiwa. Kila mtu adai nakala yake, atoke nayo, asomewe nyumbani na mtu ambaye halipwi na kampuni. Na kifungu cha kumi na saba kifutwe kwa maandishi kabla ya kalamu yoyote kufunguliwa. Mkikataliwa, simameni mtoke wote kumi na mmoja, malori ya kesho yake yakose madereva, tuone nani ni bosi wa nani.