Siku Thelathini na Tatu za Kupokea Wageni

Mgeni rasmi, shikamoo. Karibu kivulini. Watoto wako juani tangu saa mbili asubuhi, lakini usijali, wamezoea.

Sisi ni Umoja wa Wahitimu wa Shule ya Msingi Mlimbwi tuliochaguliwa kwenda sekondari ya serikali. Tangu mwaka 1984 hadi mwaka jana, 1993, tumechaguliwa watatu: Anifa, Seth, na mimi Harithi ninayesoma. Kwa hiyo Umoja una mwenyekiti, katibu na msomaji. Mwanachama wa kawaida hatujampata. Mwalimu Mkuu aliomba aipitie risala hii kwanza, tukamwambia bado inanakiliwa.

HISTORIA

Shule hii waliijenga wazazi wetu kwa mikono yao, kando ya barabara iendayo Haneti. Hapo ndipo walipokosea. Kila mgeni apitaye hushushwa kwetu, kwa kuwa dereva hahitaji hata kukata kona.

MAFANIKIO

Kwa kupokea wageni hakuna shule inayotugusa. Mwaka huu wewe ni wa kumi na moja. Tuna nyimbo saba, gwaride na ngonjera. Darasa la kwanza wakisikia gari hujipanga wenyewe. Mwezi wa tano walilipigia makofi lori la mitumba.

MATATIZO

Mwalimu wa Hisabati wa darasa la saba ni mmoja, Mwalimu Sostenes. Mwalimu wa kwaya na gwaride naye ni mmoja, Mwalimu Sostenes. Kila mgeni hula siku tatu za mazoezi. Hizo ni siku thelathini na tatu bila Hisabati, na mtihani wa kumaliza shule ni Jumatano ijayo.

Juzi Shamila, anayeongoza darasa, aliuliza, "Mwalimu, eneo la duara tutafundishwa lini?"

"Mgeni akishaondoka, mwanangu."

"Yupi, mwalimu?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Shamila ndiye aliyekuvika shada la maua sasa hivi, nawe ukamwambia asome kwa bidii. Tunauliza: saa ngapi?

Barua ya ziara yako inasema umekuja kukagua maandalizi ya mtihani. Mgeni rasmi, maandalizi ya mtihani yalisimamishwa Ijumaa ili tukuandalie wewe. Na mwaka jana, matokeo yalipotoka, mgeni mmoja alisimama hapo uliposimama akasema watoto wa huku hawapendi shule. Wanaipenda. Ninyi ndio mnaowatoa darasani.

MAOMBI

Hatuombi bati wala saruji. Ratiba yako ina nyimbo saba na gwaride hadi mchana. Tunaomba uvifute sasa hivi kwa kinywa chako, maana wengine wote hapa wanakuogopa. Mwalimu Sostenes ana chaki mfukoni, tumemwona. Darasa la saba waingie naye ndani.

Nyimbo tutakuimbia sisi watatu, zote saba. Tunazikumbuka kuliko chochote tulichofundishwa hapa.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, akufikishe Dodoma mjini salama, akupe afya na kazi nyingi za ofisini, na asikulete tena huku mpaka mtihani uishe.

Ni sisi,
Umoja wa Wahitimu, Shule ya Msingi Mlimbwi,
Septemba 1994