Bwana Kivuli Akaguliwa Paa Lake

Miaka kumi na tisa ya kupanda mapaa ya watu si mchezo. Mkaguzi wetu wa paneli za sola, anayejulikana mpaka na mbwa wa mitaani kwa jina la Bwana Kivuli, alistaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wasifu wake wa kijitabu hiki cha kumuaga nimeambiwa niuandike mimi, mshika ngazi wake. Shule yangu iliishia njiani, kwa hiyo mwenye kutaka sarufi asome ukurasa wa mhasibu.

Kwa wageni waalikwa: serikali humrudishia mwenye nyumba theluthi ya gharama za kufunga sola, mradi mkaguzi apande, aone, atie saini. Wapo wanaokagua kwa picha ya simu. Huyu asipoigusa paneli kwa kiganja, kwake haipo. Kila paa alilipanda asubuhi, akalirudia alasiri, maana kivuli hakina adabu, huhamahama. Hakimu mmoja alinyimwa saini kwa sababu ya kivuli cha dishi la televisheni, na hukumu hiyo haikukatiwa rufaa.

Kuna wiki tulikagua nyumba tatu za mtaa mmoja, kumbe paneli ni zile zile, zinapitishwa uani kutoka paa hadi paa. Kwenye nyumba ya tatu akauona ufa ule ule wenye umbo la mkia wa mjusi. Akaisalimu paneli, akaiuliza na habari za safari. Mwenye nyumba akacheka, halafu akakumbuka kwamba hakupaswa kucheka.

Sasa niguse kidonda. Sheria inasema mtumishi wa mpango huu hapati marejesho, yeye wala wa nyumbani mwake. Shemeji yetu, mke wa mzee, ni fundi cherehani. Umeme ukikatika, cherehani inalala na bibi harusi anabaki na gauni la mkono mmoja. Miaka yote hiyo alimpokea mumewe kwa swali moja: leo umewawashia wangapi? Ndugu na sisi wa ofisini tulimshauri mzee aandikishe jina la binamu. Alinuna siku mbili, akanywa chai yetu bila kutusalimu.

Basi walidunduliza, wakafunga paneli mwezi Juni, wakasubiri astaafu. Theluthi ya serikali shemeji ameshaipangia: cherehani ya pili. Na mpango unafungwa tarehe 31 Julai.

Tarehe 1 Julai ofisi haijafunguliwa, mstaafu yuko mlangoni na fomu, kavaa suti. Akatumwa mkaguzi mpya, binti aliyemfundisha yeye mwenyewe. Asubuhi mambo safi. Saa tisa alasiri binti akarudi, kama alivyofundishwa, akapanda, akashuka, akaandika: imekataliwa, kivuli cha tangi la maji. Tangi hilo alilipandisha mzee mwenyewe mwaka jana, akatuita tuje kulisifu.

Hapo nikasikia maneno ya wateja wetu wote yakitoka kinywani mwa mzee: kwamba ni kivuli kidogo tu, kwamba jua likisogea kitaondoka, kwamba binti amwangalie kama baba yake. Binti akamwangalia kama baba yake, akampa nakala ya fomu. Shemeji akatoa pini mdomoni, akasema ama tangi lihame, ama mwenye tangi ahame.

Binti atakagua tena Jumatatu, ya mwisho kabla mpango haujafungwa, na baada ya hapo hakuna nafasi nyingine. Kwa hiyo ile saa ya ukutani mliyochangia, irudisheni dukani. Mstaafu ana haraka ya kwenda wapi? Zawadi yake iwe kuhamisha tangi: Jumamosi asubuhi njooni na mikono. Tangi ni la lita elfu moja, na juzi amelijaza pomoni.

Bwana Kivuli, asante. Maelfu ya nyumba zinawaka kwa saini yako, na kila saini ina alama ya kiganja chako juu ya kioo. Tunakuombea magoti mazima, usingizi mnono wa mchana, na Jumatatu njema.