Maharage, Dereva Aliyetuliza Lenzi

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, dereva wetu mkuu anakabidhi funguo za gari namba nne, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwapeleka wapiga picha mbugani. Kitambulisho chake kina jina lingine, lakini hata karani wa ofisi humwita Maharage.

Jina hilo alilipata kwa haki. Enzi zile wageni walikuja na lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima, nzito ajabu, wakizifunga kwenye stendi za miguu mitatu katikati ya viti. Mmoja akijikuna, picha ya mwenzake inatikisika. Ndipo akashona mfuko wa turubai, akautia maharage makavu, akaulaza kwenye ukingo wa dirisha, na lenzi ikatulia juu yake tuli. Mfuko usijae, alitufundisha, maana ukijaa lenzi inateleza. Halafu injini izimwe, na mwenye chafya aimeze.

Vituko navyo havikukosa. Msimu mmoja wa mvua alisahau mfuko juu ya paa la gari wiki nzima, maharage yakaota, na mgeni akampiga picha simba huku kaegemea bustani. Kituko hicho tulikicheka miaka mitano. Mimi alinipokea nikiwa mbichi kabisa, akanifundisha kazi, na tangu hapo namwita kaka.

Mwezi wa pili mwaka huu tulikuwa gari moja. Chui alikuwa mtini upande wa kulia, peupe kabisa. Kaka akazima injini, akaulaza mfuko dirisha la kushoto. Wageni wakacheka wakidhani ni mzaha wake. Mimi sikucheka. Jioni tukiosha gari nikambana, akanieleza kwamba ni presha ya macho, mwaka wa pili sasa, na daktari amemwambia nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Akanishika mkono.

"Niachie msimu huu tu, mdogo wangu. Nikikaa nyumbani nitakuwa nani?"

Nikamwachia. Wiki mbili baadaye, tukiingia kambini, mama wa jikoni alikuwa anavuka na ndoo ya maji. Kaka hakumwona kabisa. Nilivuta usukani, tukamkosa kwa upana wa kiganja. Yule mama alikaa chini pale pale.

Tangazo la ofisi linasema anastaafu mapema kwa sababu za kiafya. Ni kweli. Halisemi nani aligonga mlango wa meneja asubuhi iliyofuata. Kaka anaamini ni mama wa jikoni, na tangu siku hiyo hamsalimii.

Kaka, najua shemeji ndiye anayekusomea haya. Mwambie atulie hapa kidogo. Aliyesema ni mimi. Mama wa jikoni hana kosa, mwombe radhi. Miezi yote hii nimekunywa chai yako nikiwa nimenyamaza, na naona aibu. Lakini siku ile ikirudi nitasema tena, na nitalia tena.

Sote uliotufundisha tunakushukuru kwa moyo mmoja, na tunakuombea pumziko jema katikati ya watoto na wajukuu. Jumapili nakuja kwako. Ukinifungulia nitaingia. Usiponifungulia, nitakaa hapo kibarazani mpaka jioni, na Jumapili nyingine nitarudi.