Mtoro wa Ghorofa ya Tatu

Benchi lenyewe ni mbao mbili juu ya kreti za soda, nje ya bakala, duka dogo la Myemeni mmoja mtaani Bani Malik, Jeddah. Kila Ijumaa Wakenya watatu hulikalia, wakanywa kahawa na kubishana mambo yasiyowahusu. Ijumaa hii yaliwahusu. Rael alikaa pembeni, kikombe kikimpoa mkononi. Chumba cha ghorofa ya tatu kimekodishwa kwa jina lake. Humo ndimo wanamosali Kikristo kwa siri, na humo ndimo anamolala Jerioth, aliyemtoroka kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, na sasa hana ikama, kibali cha kuishi. Jana mwenye nyumba alimwambia Rael akisikia nyimbo tena ataita polisi.

Onesmus, mlinzi, wanamwita Tarumbeta, maana sauti anayo, masikio hana. Hakutaka habari ya kunyamaza. Akawasimulia wahubiri wa Amerika enzi za mkoloni Mwingereza, waliofungiwa makanisa wakahubiri mashambani, watu wakaanguka chini kwa vilio. Akafika mahali pa kutaka wote wapakiwe kwenye lori la kafili wa mwenzao Elphas, wakaimbe jangwani.

Elphas dereva, mtu wa Kaimosi, wanamwita Profesa. Alisema wazee wa dhehebu lake, Marafiki, walisali Amerika hiyohiyo kimya, kila mtu akimngoja Roho.

— Wewe ushawahi kunyamaza ibadani? Rael akamuuliza.

— Kwetu tunapiga ngoma, Profesa akakiri. Lakini Boston iliwafukuza hao wakimya. Wengine wakarudi, wakanyongwa.

— Si unaona? Kimya hakikuwasaidia, akasema Tarumbeta. Shida hapa si nyimbo, dada. Ni huyo mtoro. Sisi tuna ikama, yeye ndiye atatuzamisha. Aende mtaa wa Karantina, huko wako wengi kama yeye.

 Tangu jana Rael alikuwa akiwaza hayohayo, na kuyasikia kwa mdomo wa mtu mwingine kulimtia aibu.

Jerioth alikuwa ameshuka kununua mkate. Alisimama nyuma yao, wala hakupaza sauti.

— Hao wa Boston waliofukuza wenzao, kwani wao walifikaje huko?

Profesa alikohoa.

— Walikimbia kwao. Waliteswa kwa ajili ya dini.

— Haya. Sasa mimi nipande nikapike chai, au nikafunge virago?

Profesa akawa anaangalia viatu vyake. 

— Kapike chai, mama, Rael akasema. Leo tunasali bila kufungua mdomo.

Tarumbeta akachukua kofia yake akaondoka. Hakuna aliyemwita arudi.