Klaudia Kokwijuka, Binti wa Kanazi Aliyeolewa Groningen

Waombolezaji wapendwa, marehemu Klaudia Kokwijuka Kahigi alizaliwa tarehe 3 Machi 1979 hapa Kanazi, mtoto wa tatu wa Mzee Kahigi na Ma Benadetha, akabatizwa katika usharika wetu wa Kilutheri. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Akitumwa maji, majirani wote walijua nani anapita.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Bukoba mjini, kisha uuguzi wilayani Muleba, akahitimu mwaka 2002. Mwaka 2006 alikwenda Uholanzi, mji wa Groningen, kuuguza wazee majumbani mwao. Mvua ya kule ni nyingi kama ya kwetu, ila ina baridi ya kuuma mifupa. Klaudia alikwenda nyumba hadi nyumba kwa baiskeli, koti la mvua likichuruzika. Bibi mmoja alikuwa akimpashia taulo kabla hajafika.

Huko alimpata Hendrik, mwalimu wa hesabu. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 2009, wakatuma picha nyumbani. Jamani, picha ile! Bwana harusi anaendesha baiskeli, bibi harusi kakaa kwenye keria na shela lake, mvua inawanyeshea, wote wanacheka. Mzee Kahigi hakucheka.

"Yaani nimemsomesha binti yangu aje abebwe kama mkungu wa ndizi?"

Akakataa katakata kumpokea mkwe. Klaudia alimpigia simu: "Baba, huku hata hakimu anakwenda kazini kwa baiskeli." Mzee akasema anaficha umaskini wa mumewe. Klaudia naye alikuwa na kichwa cha baba yake. Akaapa hatakanyaga Kanazi peke yake kama mtu aliyeachika. Miaka ikapita hivyo hivyo. Ma Benadetha aliwajua wajukuu wake, Lilian na Josia, kwa simu tu, na kila mara alimaliza kwa kulia: "Vaa sweta, mwanangu."

Mwishoni mwa 2023 jirani yetu Muhidini, mfanyabiashara wa kahawa, alisafiri Uholanzi akalala kwa kina Klaudia. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwa Mzee.

"Mzee, nimewaona madaktari, wachungaji, vikongwe, wote juu ya baiskeli, wamelowa chapachapa, wala hawana habari. Magari wanayo. Wameyaacha nyumbani."

Mzee akaomba simu. "Klaudia, njoo. Njoo na mumeo."

Tiketi zilikatwa za mwezi Juni. Mwezi Februari madaktari wakagundua saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeshasambaa. Hendrik alimuuguza nyumbani. Klaudia aliomba sana asafiri, ikashindikana. Alifariki tarehe 19 Mei 2024. Inatuuma, tena inatuuma sana, kwamba safari aliyoisubiri ameifanya ndani ya jeneza.

Marehemu ameacha wazazi wake, ndugu wanne, watoto wawili na mume, Hendrik, aliyeketi hapa mbele.

Juzi ukoo uliuliza azikwe wapi, maana mke huzikwa kwa mumewe, na Hendrik hana kwake huku. Mzee Kahigi aliinuka na fimbo yake, akaingia kibanjani, shambani kwake hapa nyumbani, akaonyesha mpaka, migomba hii yote hadi kwenye ule mbuni wa kahawa. Akamshika Hendrik mkono mbele yetu sote.

"Mkwe wangu, hapa ni kwako."

Kwa hiyo leo Klaudia anazikwa kwa mume wake. Bwana ampe pumziko la amani.