Lwaboshi, Aliyemtetea Mama Yake kwa Chupa ya Nzi

Ndugu waombolezaji, mimi René Akilimali, baba mkubwa wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nayasoma kwa aibu.

Lwaboshi Ezechiel alizaliwa Uvira, Kongo, tarehe 14 Machi 1991, mtoto wa kwanza wa mdogo wangu, hayati Zihindula, na mkewe Rosalie, akafika hapa Malawi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mwaka 2007, akamaliza sekondari mwaka 2012.

Februari 2015 aliajiriwa Lilongwe katika maabara ya chuo, kwanza kuosha chupa, baadaye kulea nzi wa matunda, maana walimu wa pale walichunguza jinsi jeni zinavyoongoza seli changa za neva, kila moja ikue kuelekea wapi na iungane na ipi. Alipanga chumba mtaa wa Biwi, akafunga ndoa na Gabriella tarehe 6 Agosti 2016, wakajaliwa Annuarite na Rémy.

Mwaka 2019 mdogo wake wa kike, Douce, alilegea miguu kama baba yao alivyolegea kabla ya kufa, naye akafariki, nami nikaitisha kikao, nikasema Rosalie ndiye mchawi, tukamtoa katika nyumba yake. Lwaboshi alikuja na chupa ya nzi waliotembea kwa kuyumba, akaniambia: "Baba mukubwa, hii nzi hakuna muntu aliiroga, ni jeni moja njo iliharibika, neva zikapotea njia tangu mu yai. Ugonjwa yetu si hii, lakini nayo inapita mu damu, na ilitoka ku upande ya baba."

Nikamjibu, "We unasoma nzi, mi nasoma bantu." Watu wakacheka, naye akachukua chupa yake akaenda kulala na mama yake huko alikohifadhiwa.

Mwaka 2022 miguu yake mwenyewe ililegea, daktari akanieleza maneno yale yale, nami bado sikumwomba radhi Rosalie, naye ndiye aliyemwogesha hadi alipofariki hapa Dzaleka tarehe 3 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Lilongwe, majirani waliopika tangu jana, na wenzake wa maabara waliokuja kutuzikia. Shemeji Rosalie, nimekuona umekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilikusingizia, na leo nakiri mbele ya watu wale wale waliocheka. Njoo mbele, udongo wa kwanza ni wako.

Lwaboshi, pumzika kwa amani, ile tuliyokunyima.