Mpira wa Breki

Kijiwe chetu ni benchi moja nje ya duka la vifaa vya umeme, mguu mmoja umefungwa waya. Juzi, saa moja na dakika kumi asubuhi, basi la shule lilishindwa kusimama likagonga ukuta wa ghala. Mtoto wa dada yangu, wa miaka saba, alivunjika mkono sehemu mbili. Shule imeleta karatasi: italipa hospitali, nasi tusidai kitu kingine. Dada anatakiwa kuisaini leo kabla ya saa sita. Nimekuja kwa Wakili, tarishi mstaafu wa mahakama, kwa sababu haishiwi majibu.

Wakili: Msisaini. Haraka haraka haina baraka.

Pindo, fundi cherehani: Mbona juzi uliniambia ngoja ngoja huumiza matumbo?

Wakili: Ile ilikuwa kesi ya kiwanja. Tunawashitaki dereva, mwenye shule na mwenye ukuta.

Pindo: Ukuta umekosa nini?

Wakili: Uko karibu mno na barabara.

Pindo: Basi mshitaki na aliyechora ramani ya mji.

Mimi: Jamani, muda unakwenda. Tutathibitisha vipi kwamba breki zilikuwa mbovu?

Spana, fundi magari, akaweka kikombe chini.

Spana: Hilo niachie mimi, mdogo wangu. Mpira wa breki ulichanika, kidole kinapita. Nimeuona kwa macho yangu.

Mimi: Utasema hivyo polisi?

Spana: Hata kwa jaji. Jana nimeshinda chini ya lile basi.

Wakili: Umeona? Penye wazee haliharibiki jambo.

Nikashusha pumzi, ya kwanza tangu juzi. Hapo dada akafika kutoka hospitali, karatasi mkononi. Maneno ya Spana alikuwa ameyasikia akivuka barabara. Aliwaamkia wazee, hakuketi.

Dada: Kaka Spana, chini ya basi ulikuwa unafanya nini?

Spana: Kulitengeneza, dada. Niliwaonea watoto huruma, leo wangeendaje shule? Nimeweka mpira mpya. Asubuhi limepita hapa, linasimama vizuri kabisa.

Dada: Polisi walikuwa wameshalikagua?

Wakili akakoroga kahawa isiyo na sukari. Pindo akatazama viatu vyake.

Dada: Na mpira wa zamani uko wapi?

Spana aligeuka kutazama pipa la taka mbele ya gereji yake, ng'ambo ya barabara. Gari la taka hupita saa mbili. Saa yangu ilionyesha saa nne kasoro dakika nane.

Dada akaniomba kalamu.